Kupangisha domeni: mpangaji apewe fremu, funguo zibaki kwako

Mwenye fremu Makoroboi au Buzuruga, hapa Mwanza, akielezwa biashara ya kupangisha domeni, yaani jina la tovuti, anaielewa haraka. Jina ni lako, mpangaji anauzia humo, kodi inaingia. Tofauti inayoumiza ni kwamba fremu haiwezi kubebwa usiku, ila domeni huhama kwa nambari moja ya uhamisho.

Kwa hiyo domeni ikae kwenye akaunti yako kwa msajili (kampuni uliyonunulia jina), kwa jina lako, na ifungwe isihamishike. Mpangaji hapewi paswedi wala nambari hiyo. Yeye anakutumia anwani ya seva yake, wewe unaiweka kwenye rekodi ya A, ile inayoonyesha jina lielekee seva ipi, na tovuti yake inafunguka. Wapo wanaotaka kuelekezewa mfumo mzima wa DNS, yaani rekodi zote za jina, kwenye seva zao. Inawezekana, na bado unaweza kuurudisha, lakini kuanzia hapo huoni tena nini kimewekwa chini ya jina lako. Mimi nasema DNS ibaki kwako, na kila badiliko liombwe kwa maandishi.

Kosa dogo lenye gharama kubwa: barua pepe iliyoandikwa kwenye usajili isiwe ya domeni hiyohiyo. Jina likiisha muda, vikumbusho vitaenda kwenye sanduku lililokwisha kufa. Kwa .com, msajili anaweza kulishikilia jina hadi siku 45 baada ya kuisha, zinafuata siku 30 za kulikomboa kwa ada nzito, kisha siku 5, halafu linaachiwa yeyote. Tovuti ya mpangaji huwa imezimika mapema kabla ya hapo. Lipia usajili uvuke mwisho wa mkataba. Mkataba wa miaka miwili juu ya jina lililolipiwa mwaka mmoja ni kupangisha nyumba ambayo huna uhakika nayo.

Jina gani linapangishika Mwanza? Bidhaa au huduma, pengine na mahali: dagaa, sangara, mabondo, boti, viwanja, vyumba vya wageni. Litamke kwenye simu ukiwa stendi ya Nyegezi, honi zikilia. Aliye upande wa pili akiliandika sawasawa mara ya kwanza, jina ni zuri. Vistari na tarakimu achana navyo. Anayeuza minofu nje ya nchi atataka .com. Fundi boti wa Kirumba au mwenye gesti Ukerewe anatosheka na .co.tz ya hapa Tanzania.

Jina la kampuni ya mtu usiliguse. Kwa .com, kanuni za mwaka 1999 za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, zinataja waziwazi kusajili jina kwa nia ya kumuuzia au kumpangisha mwenye alama ya biashara, na hiyo ni dalili ya nia mbaya. Unanyang'anywa jina. Angalia kwanza BRELA, wakala wa usajili wa biashara: alama za biashara pamoja na majina ya kampuni.

Kodi kwa kawaida hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2 ya bei ya kuuzia, kwa mwezi. Tuseme jina ungeliuza shilingi 3,000,000: kwa asilimia 2 kodi ni 60,000. Mpangaji akitaka haki ya kulinunua, andika bei hiyo siku ya kwanza, kabla biashara yake haijalipandisha thamani. Nusu ya kodi ikihesabiwa kama malipo, baada ya miezi 24 atakuwa amepunguza 720,000 na atadaiwa 2,280,000. Bila bei iliyoandikwa, ugomvi wa kilemba hauepukiki: yeye atasema jina limejulikana kwa jasho lake, wewe utasema jina ni lako, na wote mtakuwa na hoja.

Ukimtoza muuza dagaa, tarehe ya kodi ifuate ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwalo unapoa na mfuko pia. Kodi inayodaiwa mwishoni mwa giza hulipwa. Ya katikati ya mbalamwezi huleta visingizio.

Sasa barua pepe, ambako ndiko balaa lenyewe liliko. Mpangaji akiblasti matangazo kwa maelfu ya watu wasiomjua, jina linaingia kwenye orodha za watuma taka, na doa hilo linabaki kwenye jina hata yeye akihama. Weka SPF na DKIM (rekodi zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwa aliyeruhusiwa) za mtoa huduma wake tu, kisha rekodi ya DMARC, inayoomba seva zinazopokea barua zitoe ripoti, na ripoti hizo zije kwako. Humo utaona seva zipi zinatuma kwa jina lako na kwa wingi gani. Ni faili zisizopendeza kusoma. Zisome hata hivyo.

Asipolipa, usizime kila kitu kwa hasira. Siku ya 7 notisi ya maandishi, siku ya 14 ondoa rekodi ya A, lakini MX, rekodi inayoelekeza barua pepe, iache mpaka siku ya 30. Ukikata barua pepe siku ya kwanza, oda na ankara za wateja wasio na hatia zinapotea, na kesi inakugeukia. Ratiba hiyo iwe ndani ya mkataba. Kama ni mabadiliko ya kawaida ya seva, shusha TTL (muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi) kutoka sekunde 86,400 hadi 300 siku moja kabla, la sivyo wateja wengine wataendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani.

Mpangaji akitoka, usimwingize mwingine kesho yake. Akaunti za benki, za kodi ya serikali na za mitandao ya kijamii za yule wa kwanza bado zimefunguliwa kwa anwani za jina hilo. Mpya akianzisha sanduku lenye anwani ileile, nambari za kubadili paswedi zitamfikia yeye. Mpe aliyetoka siku 90 za kuhamisha anwani zake. Siku 30 za mwanzo MX yake iendelee kupokea. Baada ya hapo weka MX yenye kipaumbele 0 na nukta peke yake, ili kila barua irudi kwa mtumaji papo hapo. Kufuta MX tu hakutoshi, kwa sababu seva nyingine zitajaribu kupeleka barua kwenye anwani ya rekodi ya A. Miezi hiyo mitatu haina kodi, kwa hiyo amana ya miezi mitatu ichukuliwe siku ya kusaini.