Nukta ya Ukurasa wa Mwisho

Lamu, Jumanne usiku

Leo baada ya sala ya isha tuliketi barazani mimi na mpwa wangu, naye akaniomba nimtajie namba aziandike kwa tarakimu. Nikamwambia, "Andika elfu arobaini na sita." Akaandika 40,006, ilhali mimi nilikusudia 46,000. Nilikwisha nyanyua kalamu nimsahihishe, kisha nikaishusha, kwa kuwa alichoandika ndicho nilichotamka: elfu arobaini, na sita. Kosa lilikuwa langu, nalo si dogo, maana kati ya namba hizo mbili pana 5,994.

Marehemu babu, aliyekuwa akiuza boriti za mikoko kwa korija, yaani ishirini ishirini, hangenaswa na mtego huo. Hakuwa akisema "korija arobaini na sita". Alisema "korija arobaini, na boriti sita", mnunuzi akajua kuwa ni boriti 806 wala si 920.

Nadhani ugumu wa mtoto unaanzia hapo, kwamba katika maneno sifuri haitamkwi. Elfu, mia na kumi zina majina yake, na daraja isiyo na kitu tunairuka tu. Katika maandishi majina hayo huondoka, na tarakimu hujulikana kwa mahali ilipoketi, kila hatua moja kuelekea kushoto ikiikuza mara kumi. Kwa hiyo daraja tupu haiwezi kuachwa bila mlinzi: ukiziondoa sifuri tatu za 40,006, ile nne iliyokuwa elfu arobaini inaporomoka na kuwa arobaini.

Maelezo hayo hayakumwingia. Kilichomwingia ni Msahafu. Katika chapa ya Madina anayosomea chuoni, sura tatu za mwisho zimo katika ukurasa wa 604, na kwa tarakimu za Kiarabu ukurasa huo huandikwa ٦٠٤: sita, nukta, nne. Nukta hiyo ndiyo sifuri. (Kiduara, ambacho shuleni ni sifuri, katika Msahafu ni tano, na jambo hilo peke yake lilitupotezea robo saa.) Nilimwambia kwamba pasipo nukta angejikuta katika ukurasa wa 64, ndani ya Aali Imran, mbali kabisa na Qul-huwallahu aliyoihifadhi. Nikamwambia pia kwamba neno sifuri limetoka katika Kiarabu, sifr, lenye maana ya kitu kitupu, na kwamba Mhindi Brahmagupta alikwisha andika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa sifuri mwaka 628, ilhali Fibonacci, aliyewaeleza watu wa Ulaya tarakimu hizi katika kitabu chake, alikiandika mwaka 1202. Miaka hiyo haikumshughulisha hata kidogo.

Alikuwa ameiziba nukta kwa kidole. "Lakini mjomba," akasema, "nikiificha, nafasi yake si bado ipo? Kwa nini tusiache pengo tu?"

Sikuwa nimelitarajia swali hilo, nami nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, kwa sababu waandishi wa Babeli ya kale walifanya hivyo hivyo: kwa muda mrefu waliacha pengo mahali pasipo na kitu, na baadaye sana ndipo wakabuni alama ya kulijaza. Sikumweleza. Nilimwambia aandike 40,006 kwa mapengo, bila sifuri wala mkato, kisha ampelekee kaka yake aliyekuwa ndani aisome. Akaandika nne, akaruka nafasi kwa uangalifu mkubwa, akaandika sita, akaenda mbio.

Nikasikia sauti ya kaka yake kutoka ukumbini: "Hizi ni namba mbili. Nne, na sita."

Alirudi kimya, akachukua kalamu, akazijaza sifuri zake moja baada ya nyingine. Akaweka nne, si tatu, kwa kuwa pengo lilikuwa pana.