Kabla hujapeleka hiyo barua ya kuacha kazi

Juzi usiku mdogo wangu kanipigia analia, anasema kaka mimi kesho napeleka barua naacha kazi, bosi kanichosha. Nikamwambia mdogo wangu nakuomba hiyo barua usiipeleke mpaka tuongee. Maana mimi yalishanikuta.

Ofisini kwetu biashara iliyumba, HR akaniita akaniambia we andika tu barua mwenyewe, ukiachishwa utakuwa na doa huko mbele hupati kazi. Nikamuamini. Nikaandika mistari minne, "naacha kazi kwa hiari yangu", nikasaini. Nilikuwa nimechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania, miaka mitatu na kitu, kila mwezi nakatwa asilimia 10 na mwajiri anaweka 10 yake, kwahiyo nikajua kuna pa kuanzia. Kufika dirishani NSSF dada wa pale akaisoma ile barua, akaniuliza taratibu, kaka uliacha mwenyewe? Nilikosa cha kujibu.

Iko hivi. Fao la kukosa ajira lililokuja na sheria ya 2018, kipindi kile fao la kujitoa (ile ya kuchukua michango yako ukiacha kazi) linaondolewa, ni la mtu aliyepoteza kazi bila kutaka. Uwe umechangia angalau miezi 18, uwe chini ya miaka 55 na uwe hujapata kazi nyingine. Unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi 6, yaani kama ulikuwa unalipwa laki sita unapata kama laki mbili kila mwezi, jumla inakaribia milioni moja na laki mbili. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba na ana mtoto shule hiyo ni hela ya kumvusha kabisa. Ukiacha kwa hiari hulipati. Michango yako haipotei, ipo kwa jina lako, ila kwa njaa ya leo haikusaidii.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akikufanyia mambo mpaka kazi haivumiliki ukaamua kuondoka, hiyo inahesabika ni kuachishwa, hata kama barua umeandika wewe. Unaenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na ni wewe unatakiwa kuthibitisha kwamba mwajiri ndio kakufikisha hapo. Mimi nilikuja kuambiwa hayo mwezi wa nne tangu nitoke, na karatasi pekee niliyokuwa nayo ni ile yenye neno hiari na saini yangu chini.

Ndio maana nimemwambia mdogo wangu atunze meseji zote za bosi, aandike tarehe na nani alikuwepo, alafu alalamike kwa maandishi hapo hapo ofisini abaki na kopi iliyogongwa muhuri. Asiondoke kabla ya hapo. Leo mchana kanitumia picha ya kopi, muhuri upo. Ile barua nyingine anasema bado iko kwenye mkoba.