Jikoni ya televisheni na jikoni ya Goma

Vipindi vya kutengeneza upya jikoni za watu vinapendeza: ukuta unavunjwa, tangazo linapita, meza ya kazi iko tayari. Simenti haijui matangazo.

Meza ya zege, imwage palepale. Urefu kutoka sakafuni sm 90, unene sm 7, nondo za mm 8 kila baada ya sm 20, ziinuliwe sm 2 juu ya mbao za chini kwa vijiwe. Zikilala kwenye mbao, zitapata kutu na kupasua zege kwa chini. Simenti ndoo 1, mchanga 2, kokoto 3. Fundi anayeongeza maji ili iteleze anakuuzia nyufa. Imwagie maji siku 7. Mbao za chini zitoke baada ya siku 14 (shemeji akiwa na haraka, mpe chai).

Karo (vigae) kwenye ukuta wa mbao? Pesa zinapotea bure. Mbao inavimba wakati wa mvua, karo haivimbi, inadondoka.

Sinki iwekwe ukuta wa nje, karibu na shimo la maji machafu, maana kuchimba mfereji kwenye mawe ya volkano iliyofika Goma 2002 ni kazi ya nyundo na patasi. Bomba literemke sm 2 kwa kila mita, na mkunjo wake usikosekane: maji yanayobaki humo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo.

Kama bado unapikia mbabula (jiko la makala, yaani makaa), acha tundu juu ukutani na lingine chini. Hewa ya sumu ya makala haina harufu.