Siku moja maishani mwangu: anwani 256, kamera 34

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, naishi Uyole, Mbeya. Nikisema hivyo mtaani, wengi wananiletea simu iliyopasuka kioo au wananiomba nikawafungie king'amuzi. Siwalaumu. Kinachoonekana cha kazi yangu ni ngazi, kebo na vumbi la darini. Sehemu kubwa zaidi hufanyika kwenye karatasi, kwa penseli, na hiyo ndiyo nataka muione. Jumanne iliyopita nilikuwa Rungwe, kwenye ghala la kufungashia maparachichi.

Saa 11 alfajiri

Mwezi wa saba Uyole si wa kuchezea. Maji ya ndoo yanang'ata vidole, na vidole ndivyo ninavyofanyia kazi, kwa hiyo nanawa ya moto hata kama mkaa unakaribia kuisha. Chai ya maziwa, viazi vya jana, begi mgongoni: koleo ya kubania vichwa vya kebo, kipima kebo, kompyuta, daftari la hesabu lenye miraba.

Saa 12:30

Hiace ya Tukuyu inajaa taratibu. Pembeni yangu kakaa kijana wa field, anafanya mafunzo kwangu kwa wiki nane, ana adabu na maswali mengi. Tunapokaribia Kiwira ukungu umeshuka mpaka barabarani, dereva kawasha taa, kina mama wanapakia mikungu ya ndizi juu. Nafungua daftari mapajani.

Makao makuu ya kampuni yako Dar es Salaam, na kila kituo kimepewa fungu moja tu la anwani, yaani namba ambazo vifaa hutambuana kwazo kwenye mtandao. La kituo chetu ni 10.20.37.0/24, yaani anwani 256, namba ya mwisho ikianzia 0 hadi 255. Humo nilitakiwa kuingiza skena, mizani na printa za lebo 50, tableti za mapokezi na simu za kazi 40, kompyuta na printa za ofisini 26, kamera 22, sensa za joto za chumba cha baridi 12. Halafu viungo viwili vya ruta kwa ruta, ruta ikiwa ni kifaa kinachovusha mawasiliano kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine: kimoja kwenda jengo la chumba cha baridi ng'ambo ya korongo, kingine kwa ajili ya chumba cha pili ambacho kwa sasa ni msingi na nondo tu. Waifai ya wageni nimeitenga kwa anwani zake, haimo kwenye hesabu hii.

"Dada, jumla ya vifaa ni 150," kijana akasema. "Nafasi ni 256. Shida iko wapi?"

Shida ni kwamba hivyo ni vikundi saba, na kila kikundi kinataka mtaa wake, yaani sehemu yake ya mtandao. Ukikata vipande sawasawa, ili upate saba inabidi ukate vinane, kila kimoja anwani 32. Skena 50 haziingii humo. Ukikata vinne vya 64, skena zinaingia, lakini vikundi vitatu vimelala nje, huku kiungo cha ruta mbili kikikalia anwani 64 peke yake. Kwa hiyo vipande havikatwi sawa. Kila kikundi kinapewa kipande cha kimo chake, na kila kipande kinakuwa na maski yake, yaani namba inayokiambia kifaa mtaa wake unaishia wapi.

Nikachana karatasi nikamkunjia. Kunja mara moja, una 128 na 128. Kunja tena, 64. Tena, 32, kisha 16, kisha 8, kisha 4. Kisu kinapita kwenye mkunjo tu, hakipiti pengine. Kipande cha 64 kinaanza 0, 64, 128 au 192. Hakianzi 100 kwa sababu 100 imependeza. Na kila kipande kinapoteza anwani mbili: ya kwanza ni jina la mtaa wenyewe, ya mwisho ni ya tangazo la wote. Ruta nayo inachukua moja. Ndiyo maana unaanza na wakubwa, wadogo wanajaza mianya. Ukianza na wadogo utawatawanya, halafu mkubwa akija atakuta nafasi ipo lakini imekatika vipande.

Akaniuliza mbona chuoni bado wanakaririshwa madaraja ya anwani, A, B na C. Nikamwambia madaraja ni historia ya kuijua, si ya kuitumia. Daraja C lilikuwa na anwani 256 na B lilikuwa na 65,536, katikati hakuna kitu, kwa hiyo mwenye vifaa 1,000 alipewa maelfu asiyoyahitaji. Mwaka 1993 madaraja yakaachwa kwa sababu anwani za dunia zilikuwa zinaliwa bure.

Saa 2:30

Tumefika. Salamu kwa mlinzi, kwa mama wa stoo, kwa wakina dada wa mstari wa kuchambua. Huku usipoamkia watu vizuri hata ngazi hupewi. Hadi saa 4 tunabana vichwa vya kebo: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Arobaini na mbili. Swichi, vifaa vinavyokusanya kebo zote, zimewaka, ofisi imepata mtaa wake kuanzia 128 hadi 159, seva ya mizani nimeipa 130 na inajibu. Kamera zilikuwa zinafuata, 160 hadi 191.

Saa 4:15

Meneja akatoka na fundi wa kamera, kijana kutoka kampuni nyingine, nyuma yao toroli la maboksi.

"Binti, mzigo umekuja. Kamera 34."

Nikadhani sikusikia. Hesabu ya kamera nilimuuliza mara tatu: kwa simu, kwa ujumbe, na ana kwa ana juma lililopita nikiwa nimesimama palepale. Mara zote 22.

"Shikamoo mzee. Tulikubaliana 22."

"Marahaba. Zimeongezeka 12, za kumulika mistari ya kufungashia. Wewe si unaongeza namba tu?"

Kipande cha 32 kinabeba vifaa 30. Kamera 34, mashine ya kurekodi moja, ruta moja: 36. Haziingii. Kamera zinataka kipande cha 64, na kipande cha 64 hakiwezi kuanza 160, kwa sababu hapo hakuna mkunjo. Maana yake, kwa utaratibu wangu wa wakubwa kwanza, ofisi ihame, sensa zihame, viungo vihame, na seva ya mizani niliyoisimamisha dakika ishirini nyuma ihame pia.

Mzee akaona nimenyamaza, akanipa ushauri. Mpwa wake ana mtandao nyumbani, kila kitu kimo mtaa mmoja, tivii, simu, kamera, na hakijawahi kusumbua. Kwa nini nisiweke vyote pamoja tukamaliza? Fundi wa kamera akaitikia kwa kichwa.

Hapa nilivuta kiti. Nilimwomba mzee akae, nikamwambia hivi: kwenye ile seva ya mizani kuna kilo za wakulima. Mama ameteremka na kreti zake tangu usiku, zimepimwa, namba imeingia, na atalipwa kwa namba hiyo. Kamera ni kompyuta ndogo ya bei nafuu inayoning'inia nje ukutani, na mwenye nia mbaya akiipata hiyo, sitaki akute njia nyeupe hadi kwenye kilo za mama. Mitaa ikitengana, anayetaka kuvuka lazima apite kwa ruta, na ruta nimeiambia nani avuke na nani asivuke. Halafu kuna kelele: vifaa vya mtaa mmoja hutangaziana mchana kutwa, na skena ya mfanyakazi aliyesimama mbele ya mkanda unaokwenda haitakiwi kusubiri kelele za wengine.

Mzee alinisikiliza. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia nipe karatasi safi na nusu saa ya kutoitwa.

Nikakunja upya. Skena 0 hadi 63. Tableti 64 hadi 127. Hizo mbili hazikuguswa, na nilishukuru kwamba niliwatanguliza wakubwa. Kamera 128 hadi 191. Ofisi ikateremka 192 hadi 223, sensa 224 hadi 239, kiungo cha kwanza 240 hadi 243, cha pili 244 hadi 247. Nikajumlisha kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili: 64, 128, 192, 224, 240, 244, 248. Zimebaki anwani nane. Asubuhi zilikuwa zimebaki 40.

Zingefika kamera 62 ningelazimika kuomba fungu jingine Dar, na hiyo ni barua, vikao na wiki mbili. Kwa 34 Dar hawakuhitaji hata kujua. Wao wanaona mstari mmoja tu kwenye ruta yao, 10.20.37.0/24, na jinsi nilivyopanga vyumba ndani ya nyumba ni shauri langu. Hilo ndilo ninalolipenda kwenye kazi hii, kwamba mpangilio mzuri hauwasumbui majirani.

Mchana

Umeme ulikatika kama saa 6 ukarudi saa 7 kasoro. Mama wa stoo alitukaribisha ndizi na maharage, nikasema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, akacheka lafudhi yangu. Kuhamisha ofisi na seva kulikula hadi saa 8 na nusu. Kompyuta nyingi zinapewa anwani na ruta zenyewe, hizo ukizima na kuwasha zimehama. Zinazosumbua ni zile zilizoandikwa kwa mkono: seva, printa mbili na kila mzani unaoitafuta seva kwa namba yake ya zamani. Mizani ilikuwa 11. Mizani 11 kwa vitufe vinne vidogo, ukikosea unarudi mwanzo.

Saa 9, au hapo karibu

Kamera zikafungwa, picha zinarekodiwa, fundi wa kamera anakunja ngazi yake. Mzee akakaa kwenye kompyuta ya ofisini afungue picha. Kioo cheusi.

"Mimi zangu zinafanya kazi," fundi akasema, akaonyesha kioo kidogo kilichochomekwa kwenye mashine ya kurekodi. Kweli, kamera 34 zote zinaonekana. "Mtandao wako ndio una tatizo, dada."

Mbele ya mzee. Mbele ya kijana wangu wa field.

Nikaanza upya kuanzia chini. Kebo nzima. Taa ya swichi inapepesa. Kutoka kwenye ruta naigongea mashine ya kurekodi, 130, inajibu. Kompyuta ya mzee, 200, inajibu. Kutoka 200 kwenda 130, kimya. Nikakagua sheria za ruta mara mbili, nikazizima zote kwa dakika moja nione. Kimya vilevile. Mgongo ulikuwa unawaka, na mzee alikuwa ameacha kukaa, anatembea.

Ni kijana aliyeuliza, taratibu: "Dada, maski yake ni ipi?"

Nikamwomba fundi afungue ukurasa wa mtandao wa mashine yake. Hana pasiwedi, anayo bosi wake. Bosi yuko njiani kuelekea Makambako, simu haipatikani. Tukasubiri. Nilikaa kwenye kreti iliyopinduliwa nikihesabu magari ya maparachichi yakiingia, manne, kila moja nikisema likitoka hili atapiga. Saa 10 ikapita. Wakina dada wa mstari wa kwanza walikuwa wanavua aproni. Bosi alipopatikana ilikuwa saa 11 kasorobo, akataja pasiwedi herufi kwa herufi, simu ikikata katikati mara mbili.

Maski: 255.255.255.0. Ilitakiwa 255.255.255.192.

Tarakimu za mwisho tu. Kwa maski ile, mashine iliamini kwamba fungu zima la 256 ni mtaa wake mmoja. Kompyuta ya mzee ilipobisha hodi, hodi ilifika. Mashine ikataka kujibu, ikaona 200 ni jirani wa mlango wa pili, ikaita mtaani kwake, "Nani 200?" Hakuna aliyeitika, kwa sababu 200 anaishi ng'ambo. Kumpa ruta jibu avushe, haikufikiria hata mara moja. Ruta ilipogonga ilijibiwa kwa sababu ruta ina mguu kwenye mtaa uleule.

Nikabadilisha. Picha zikafunguka zote kwa pamoja, mzee akasema "Aaa!" kwa sauti ya mtu aliyeona mkutano wa ndugu zake. Fundi wa kamera aliniomba nimwandikie ile namba. Nikamwandikia, na nikamchorea karatasi ya mikunjo, kwa sababu kesho atafunga kwingine na fundi wa huko naye anahitaji kurudi nyumbani.

Giza linaingia, mvua nyembamba. Kabla ya kuondoka nilinakili mpango wote kwa kalamu, mtaa kwa mtaa, mwanzo, mwisho na maski, nikaubandika ndani ya mlango wa kabati la swichi. Siku ruta itakapoungua, fundi atakayekuja, awe mimi au mwingine, atakuta karatasi. Mstari wa mwisho, 248 hadi 255, niliuandika kwa penseli: *akiba, sensa za chumba cha pili*. Hizo ni sita tu ukitoa mbili, na ruta ikichukua yake zinabaki tano. Chumba cha kwanza kina sensa 12. Nilimwonyesha mzee mstari huo, nikamwomba aniite kabla hawajanunua, siyo baada. Akauwekea sahihi.

Hiace ya mwisho tuliipata saa 1 na robo usiku. Kijana alilala kabla ya Kiwira, daftari langu likiwa mikononi mwake. Uyole nimefika saa 3, nikala wali wa baridi nikiwa nimesimama. Simu ikalia.

"Binti, umefika salama?"

"Nimefika mzee, ahsante."

"Kuna mashine za vidole, za mahudhurio. Zitafungwa mlango wa ofisi. Nimeona nikuulize kabla."

"Ngapi mzee?"

"Mbili."

Ofisi: 30, toa ruta, toa vifaa 26. Zimebaki tatu.

"Nunua mzee," nikamwambia. "Nafasi zipo."