Ukuta Mtupu na Upepo wa Chinook

Januari 23, usiku

Upepo wa chinook umekuwa ukishuka kutoka Milima ya Rocky tangu alfajiri. Asiyewahi kukaa hapa Montana, Marekani, hataniamini nikisema upepo wa Januari unaweza kuja na joto, lakini theluji iliyolala juu ya paa la jumba langu dogo la sanaa wiki tatu ilikuwa maji kabla ya saa sita mchana. Maji hayo yakapata tundu juu ya ukuta unaotazamana na mlango. Nilishusha picha kumi na moja mbiombio, nikazilaza mezani, nikakinga ndoo. Hakuna hata moja iliyolowa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu humu ndani.

Fundi ameondoka jioni. Ukuta umebaki mtupu, misumari imetokeza, na mimi nimekaa mbele yake na chai iliyopoa. Kurudisha kila picha mahali pake ni kazi ya nusu saa. Mkono umekataa.

Tangu nifungue jumba hili, mgeni akiingia hukutana kwanza na ng'ombe wa mchoraji Charles M. Russell. Ni nakala tu, lakini naipenda mno. Russell alifika Montana mwaka 1880 akiwa na miaka 16. Majira yale mabaya ya baridi ya 1886 hadi 1887 yalimkuta akichunga ng'ombe bonde la Judith. Mwenye mifugo aliandika kutaka kujua hali ya kundi lake, na jibu likawa kipande kidogo cha karatasi chenye picha ya rangi ya maji: ng'ombe mmoja, mifupa mitupu, amesimama kwenye theluji, na mbwa mwitu wanamngojea. Anachongoja ng'ombe yule ni upepo huuhuu uliovuma leo. Kijana mwajiriwa alimpelekea tajiri habari mbaya bila kuipaka sukari. Kila ninapoipangusa vumbi picha hiyo nasimama kidogo.

Baada yake zilifuata picha za Evelyn Cameron, Mwingereza aliyeanza kupiga picha mwaka 1894 huko mashariki mwa Montana, karibu na mji wa Terry. Wanawake wa walowezi wakiwa juu ya farasi, wakikanda unga, wakiwa wamesimama mbele ya vibanda vya magogo. Alifariki mwaka 1928, na vioo vyake vya negativu vikakaa nusu karne katika chumba cha chini cha rafiki yake kabla ya watu kuvitambua.

Na huko mwisho, kwenye ujia wa kuelekea stoo, kuna farasi wanne wa bluu na wekundu waliochorwa juu ya ukurasa wa zamani wa daftari la hesabu. Mchoraji ni Mblackfeet, mmoja wa taifa la wenyeji wa huku, yu hai, na huniletea kazi zake mwenyewe. Chini ya kwato za farasi bado unaweza kusoma hesabu za duka: unga, sukari, wino umefifia kuwa kahawia. Zamani mataifa ya nyanda hizi walichora habari za vita na safari zao juu ya ngozi za nyati. Nyati, waliokuwa mamilioni, walipofyekwa hadi wakabaki mia chache, ngozi zikaadimika, na wachoraji wakachukua karatasi za wafanyabiashara na za askari. Hata wafungwa 72 wa mataifa hayo waliosafirishwa hadi ngome ya Fort Marion kule Florida mwaka 1875 walichora madaftari kwa madaftari wakiwa kifungoni.

Nimewaeleza wageni mara nyingi kwamba picha hiyo iko kwenye ujia kwa sababu ya mwanga. Ni kweli, karatasi ile huliwa na jua, na mlango wangu ni wa kioo. Lakini usiku huu, nikiwa nimeukabili ukuta mtupu, naona mpangilio wangu ulikuwa unasema nini: nchi ilikuwa tupu, akaja ng'ombe, wakaja walowezi, na wenyeji wakatokea mwishoni kama pambo.

Huku watu husimulia habari za mpaka wa walowezi uliokuwa ukisogea magharibi mwaka hadi mwaka, hadi ofisi ya sensa ikatangaza, baada ya hesabu ya mwaka 1890, kwamba mstari ule haupo tena. Kwangu neno mpaka lina maana nyingine. Shamba langu likikoma, la jirani linaanza. Ukiniambia mpaka, nitakuuliza upande wa pili anakaa nani.

Tarehe ya leo nayo imenikaa kooni. Januari 23, 1870, askari wa jeshi la Marekani waliishambulia kambi ya Wapiegan, mojawapo ya makundi ya Blackfeet, kando ya Mto Marias, kwenye baridi kali. Waliuawa watu karibu 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mto ule unamwaga maji yake katika Mto Missouri, na Missouri naisikia kutoka hapa nilipo. Katika kuta zangu zote hakuna alama ya siku ile.

Saa nne usiku nimeanza kupima. Farasi wanne watakaa katikati, usawa wa macho. Kesho naagiza karatasi ya kuchuja jua kwa ajili ya kioo cha mlango, na hadi ifike pazia litabaki limefungwa. Kushoto atakaa Mary Fields, aliyezaliwa utumwani yapata mwaka 1832, akapata mkataba wa kupeleka barua kutoka Cascade mwaka 1895 akiwa ameshapita miaka sitini. Theluji ikiwashinda farasi, alibeba magunia ya barua begani mwenyewe. Kadi za picha yake ndizo zinazonilipia umeme, na hata siku moja sikumpa ukuta mkubwa. Ng'ombe wa Russell atahamia kulia. Akina mama wa Cameron watamfuata.

Msumari mmoja umebaki bila picha. Asubuhi nitampigia simu mchoraji wa farasi nimuulize kama angependa kuchora jambo la Mto Marias, au kama angependa nafasi ile ibaki hivyo. Atakavyosema ndivyo itakavyokuwa. Sasa hivi upepo umetulia, na ndoo haidondokewi tena.