Nilivyoulisha ukoo mzima kwa kibustani cha nyuma ya nyumba

Kila aliyesikia kwamba mkutano wa ukoo safari hii unafanyika kwangu, na kwamba mboga zitatoka bustanini kwangu, alikuwa na ushauri mfukoni. Mjomba alisema niweke samadi mbichi, tena nyingi. Jirani alisema maganda ya mayai. Wifi yangu, ambaye hajawahi kuotesha hata kitunguu kwenye kopo, alisema niende zangu sokoni kama watu wengine. Huyo wa mwisho ndiye nusura nimsikilize.

Sikumsikiliza. Watu walikula, wakashiba, wakafungasha, na vya kufungasha vilikuwepo. Kwa hiyo mniache nijigambe kidogo, maana wakati nahangaika hakuna aliyenisifu.

Washauri wangu wote walidhani shida ya kulisha umati ni wingi wa mazao. Shida ni tarehe. Bustani ya nyumbani ikiachwa ijiendee yenyewe hukupa nyanya tatu leo, mbili keshokutwa, halafu wiki uliyosafiri inamwaga kapu zima. Watu wachache wa nyumbani wanaishi na tabia hiyo bila taabu. Ukoo hauji kwa mafungu. Unashuka siku moja, na watoto wanauliza chakula kabla hawajavua viatu.

Basi nilipanda kinyumenyume. Nikachukua kalenda, nikaizungushia duara siku ya mkutano, nikahesabu kurudi nyuma. Maboga ya kukomaa yanataka siku 90 hadi 120, hayo yakatangulia. Nyanya zinataka 60 hadi 80, maharage mabichi yale mafupi yasiyohitaji miti 50 hadi 60, na figili wiki 3 au 4 tu, kwa hiyo hizo nilizitupia mwishoni kabisa kwenye nafasi zilizobaki. Juu ya kila hesabu niliongeza wiki moja na ushee kwa ajili ya baridi na uvivu wangu. Vitunguu nilivifuta, vinakaa ardhini miezi mingi mno. Nilinunua, na sioni haya.

Hapo kwenye nyanya pana mtego. Siku zinazoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ya kupandikiza mche, siyo siku ya kufukia mbegu. Ukisahau zile wiki 6 hadi 8 za kitaluni, wageni watakuta nyanya za kuchezea gololi.

Na siyo kila nyanya inafaa kwa shughuli. Kuna zile ndefu zinazopanda juu ya miti na kuzaa kidogo kidogo mpaka zichoke. Kuna fupi, zinafika kimo chake, zinasimama, zinatoa maua karibu yote kwa pamoja, na matunda yanaiva ndani ya wiki chache. Hizo fupi ndizo nilizopanda. Jirani akaja na mkasi wake akitaka kunionyesha jinsi ya kupunguza machipukizi ya pembeni. Nilimshika mkono. Kwenye nyanya ndefu kazi hiyo ni sawa, lakini ukikata machipukizi ya nyanya fupi unakata matunda yenyewe.

Huyu huyu ndiye wa maganda ya mayai. Nyanya zangu za kwanza zilitokea na doa jeusi kitakoni, limedidimia, gumu kama ngozi ya kiatu. Wakulima wanaita kuoza kitako. Akasema ni upungufu wa kalsiamu, na hapo alikuwa sahihi, kisha akaniletea ndoo ya maganda. Sasa ganda la yai linachukua muda mrefu sana kuoza udongoni. Nyanya hizo zingekuwa zimeliwa na kusahaulika kabla ganda halijatoa chochote. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni tayari, ila inasafiri ndani ya maji, na maji yakija leo mengi kesho hakuna, haifiki kwenye tunda. Nilichofanya ni kutandaza majani makavu chini ya miche, unene wa kiganja, na kumwagilia kwa kina, kwa mpangilio, siyo kurushia vijitone kila nikipita. Nyanya zilizofuata zikatoka na vitako safi. Maganda bado yapo kwenye lundo la mboji, ukichimba unayaona.

Mjomba naye na samadi yake. Samadi ni mali, simkatalii. Lakini mbichi, karibu na mavuno, kwenye mboga ambazo watoto wa ukoo watazila bila kupikwa? Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iingie udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na 90 kwa lisilogusa. Yeye alitaka niiweke mwezi mmoja kabla. Nilimwambia, "Asante, mjomba, ilete." Akaileta, nikaichanganya kwenye mboji ya mwakani.

Sasa maboga. Hapa ndipo nilipojipatia jina.

Mashina yalikuwa yametambaa mpaka mlangoni, majani mapana, maua ya manjano kila asubuhi, na hakuna boga. Vibogoo vidogo vilitokea, vikakaa siku chache, vikawa njano, vikadondoka. Kila mtu akasema ongeza mbolea. Mbolea ya kukuza majani, kwenye mmea ambao tayari ulikuwa majani matupu!

Nilichuchumaa nikayatazama maua vizuri. Boga lina maua ya aina mbili kwenye shina moja. Ua dume linasimama juu ya kijiti chembamba kirefu, na katikati lina kidole kimoja kilichopakaa unga wa rangi ya machungwa. Ua jike lina kijiti kifupi, na chini ya petali zake tayari kuna kibogoo kimevimba, na katikati ni vichwa vyenye mikunjo, vinanata. Chavua ya boga, yaani ule unga wa dume, ni nzito, haipeperushwi na upepo. Nyuki wasipokuja, ndoa haifungwi. Na kwangu asubuhi zile zilikuwa na mawingu na manyunyu, nyuki wamelala.

Niliposoma kwamba mtu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono, nilikwenda na pamba ya masikio kama nilivyoelekezwa. Upuuzi. Chavua yote ilibaki kwenye pamba. Nikajaribu brashi ya rangi ya mtoto. Afadhali kidogo, ila nilikuwa nakwenda baada ya kunywa chai, na kufikia saa hizo maua yameanza kujikunja. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia mchana limefunga, na ua jike halirudii kesho.

Ujanja ulikuwa kuachana na vifaa. Unachuma ua dume zima na kijiti chake, unachana petali zote mpaka kibaki kidole peke yake, unakishika kijiti kama kalamu, unakisugua taratibu kwenye vichwa vya ua jike, pande zote, mpaka uone unga umehamia. Dume moja linatosha majike mawili matatu. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa napita na uzi, naangalia majike yaliyokaribia kufunguka, yale yenye ncha iliyoanza kugeuka njano, nayafunga mdomo. Madume hivyo hivyo. Alfajiri nafungua, naoanisha, nafunga tena jike na kuacha kitambaa chekundu shingoni kwake. Kufunga si lazima kama unataka boga tu, ila nilikuwa na aina mbili pamoja, na nilitaka mbegu zisizochanganyika.

Wifi alikuja kulala kwangu siku mojawapo. Akafungua dirisha kumekucha tu, akanikuta nimepiga magoti kwenye umande na khanga kichwani.

"Wifi, unafanya nini huko?"

"Naoza maboga."

"Mbona yanaoza yenyewe tangu juzi?"

Siku chache baadaye vibogoo vyenye kitambaa chekundu vilikuwa vimeinamisha shingo na kunenepa. Nilimwita atazame. Alitazama, akasema kumbe, akarudi ndani.

Shughuli kama hizi zamani zilikuwa kwa bibi, na hakuna aliyehesabu watu. Bibi alipika kwa kutazama sufuria: ikijaa, wamekuja wa kutosha. Sisi watoto tulipewa maharage tumenye, kundi kubwa tumekaa chini, tunashindana nani kamaliza, nusu yanavingirika chini ya viti. Mashangazi walizunguka sufuria, kila mmoja anaonja, kila mmoja anaongeza chumvi kidogo bila kuuliza aliyetangulia. Chakula cha mikutano ya kwetu kilikuwa na chumvi ya mashangazi watatu. Nilikipenda hivyo hivyo. Bibi mwenyewe alikuwa mkali kwenye jambo moja: mboga za majani zichumwe asubuhi kabla jua halijapanda. Ukileta za mchana anakurudisha nazo. Nilidhani ni ukorofi wa wazee, kumbe jani la asubuhi limeshiba maji usiku kucha, na la mchana limeshaanza kusinyaa.

Wiki ya mkutano jua likawaka la ajabu, na nyanya zikagoma kwenye rangi ya chungwa. Joto likipita nyuzi 30 hivi, ile rangi nyekundu inashindwa kutengenezeka vizuri. Sikuzisubiri. Nyanya ikishaanza kubadilika rangi inaweza kumalizia kuiva nje ya mti, kwa hiyo nilizichuma zote zilizoanza kupata haya usoni, nikazipanga kwenye maboksi chumba chenye ubaridi wa wastani, na ndani ya kila boksi ndizi mbivu mbili, maana ndizi inatoa hewa ya ethilini inayozisukuma wenzake. Shangazi alizikuta akataka azihamishie dirishani zipate jua.

"Shangazi, hazihitaji jua."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa kabla yako."

Akahamisha boksi moja. La dirishani lilichelewa na likawa na madoa ya manjano, yale ya chumbani yakawa mekundu kwa siku yenyewe. Niliyapanga mezani pamoja, jirani jirani, nikanyamaza. Friji msithubutu, inaua ladha ya nyanya.

Mapishi yenyewe sina la kueleza, kila mtu anajua kupika maharage. Ila kwa wenye maharage mekundu makavu: yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli dakika 10 au zaidi mwanzoni, siyo moto wa kubembeleza toka mwanzo, maana yana sumu inayoondolewa na mchemko. Na kiporo kigawanywe kwenye vyombo vifupi kipoe haraka. Sufuria kubwa iliyojaa inabaki vuguvugu saa nyingi, na hapo ndipo matumbo ya wageni yanapoharibikia.

Gharama? Mbegu, majani makavu ya bure, maji, na vile vitunguu. Sidhani ilifika nusu ya ambayo wifi alikuwa ameipigia hesabu ya sokoni, ingawa mgongo wangu hakuupigia hesabu.

Jioni, wakati wa kuagana, nilimkuta jikoni anachota mbegu za boga na kuzifunga kwenye karatasi, mwaka ujao mkutano uko kwake. Alikuwa anachota kwenye boga lisilo na kitambaa chekundu, ambalo nyuki walijiozea wenyewe na nani nisijue. Zitaota vizuri tu. Zitakachozaa, tutakiona kwenye sahani.