Laini ya Msiba

Babu yangu alifariki alfajiri moja ya Julai 2011, Ramadhani ikiwa karibu, machungwa ya Muheza yameiva na malori ya wanunuzi kutoka Kenya yamejipanga kando ya barabara. Nautaja msimu wa machungwa makusudi. Bila machungwa yale, hesabu ya msiba wetu ingekwama siku ya kwanza.

Wakati huo nilikuwa nakaa Tanga mjini, nimeajiriwa kwenye duka la wakala wa M-Pesa. Huduma yenyewe ilikuwa bado changa nchini. Ilianza Tanzania Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Baadaye nilikuja kusoma kwamba walioibuni kule Kenya, walipoanza kuijaribu mwaka 2005, nia yao ilikuwa wateja wa taasisi za mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Wateja wa majaribio wakaifanyia mengine. Wakatumiana wenyewe kwa wenyewe, wakaweka hela usiku zisiibiwe, wakasafiri nazo ndani ya simu. Wenye huduma wakaona, wakabadilisha mpango, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Habari hiyo haikunishangaza. Pale dirishani kwetu sikumbuki mtu aliyekuja kulipa rejesho. Niliowaona ni akina mama wa Ngamiani wakiweka elfu mbili mbili ili waume wasizifikie, madereva wakiweka hesabu ya tajiri kabla ya kwenda kulala, vijana wakimtumia bibi hela ya mafuta ya taa. Na kila anayetuma akiniambia, "Ongeza na ya kutolea." Hiyo ya kutolea hakuna tangazo lililowafundisha. Watu walijiwekea adabu wenyewe: ukimtumia mtu elfu kumi bila gharama ya kuitoa, basi hukumtumia elfu kumi.

Kijijini nilifika kabla ya adhuhuri. Nyumba ya babu iko juu, njia ya kwenda Amani, katikati ya mikarafuu na midalasini. Mahali pangu msibani palijulikana, mjukuu wa kike ni uani kwenye masufuria. Nikajifunga khanga, nikaanza kuchagua mchele pamoja na wenzangu, na kilio cha bibi kikitufikia kutoka chumbani.

Mbele ya nyumba wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi chini ya mwembe, na pembeni yao alikaa mzee aliyekuwa katibu wa msikiti, na daftari lake. Daftari lile nililijua tangu utotoni. Mtu akifika na ubani wake, elfu moja, elfu tano, debe la mahindi, mzee huandika jina na kiasi, na baada ya mazishi husoma yote kwa sauti, watu wakisikia. Mgeni anaweza kudhani ni majivuno. Daftari lile ni deni. Mwenzako akifiwa, unakwenda kwa katibu, unafunguliwa ukurasa wa msiba wako, unaona alikuja na nini, na wewe unajua uende na nini. Koo zimeoana na kusaidiana kwa daftari hilo miaka mingi, bila benki na bila mahakama. Kusomwa kwa jina ndiko kulikothibitisha deni, kwa sababu mashahidi walikuwepo wamekaa.

Asiyefika hakuandikwa. Kulikuwa na msemo wake, unaosemwa bila ukali wowote: asiyekuwapo na lake halipo.

Basi nikiwa na ungo mapajani, simu yangu ikaita. Shangazi, binti wa kwanza wa babu, aliyeolewa Mwanza. Analia, sauti inakatika. Akasema baba yake anazikwa leo alasiri na yeye hata angepanda basi lile lile la asubuhi asingemuwahi. Zamani, maji yakizidi, angempa konda wa basi bahasha, nayo ingefika tanga limeshaanuliwa. Kipindi kingine alikuwa ananunua vocha, anamtumia babu tarakimu zake kwa ujumbe, babu anazipeleka dukani na mwenye duka anazinunua kwa kukata chake. Safari hii alisema, "Mwanangu, nimetuma kwako. Nimemtumia baba. Waambie wamwandike mume wangu." Hakusema waniandike. Hilo nimelishika mpaka leo.

Ujumbe ulikuwa umeingia kweli, elfu hamsini na ya kutolea juu yake. Nikamtuma mtoto amwite Baba Mkubwa, akaja mpaka kwenye kona ya uani, nikamwamkia na kumpa habari.

Baba Mkubwa hakufurahi. Kwanza alisema pesa isiyoonekana haiandikwi. Nikamweleza kwamba naweza kushuka Muheza nikaitoa ikawa noti mkononi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo zito zaidi, ambalo mimi sikuwa na jibu lake: "Hata ikiwa noti. Aliyeketi hapa ameacha shamba lake, ametembea, atabeba jeneza, atatia udongo. Huyu aliyebonyeza simu tunamsoma pamoja naye? Kesho wote watabonyeza, na jeneza atabeba nani?"

Nilikuwa mdogo na nilikuwa mwanamke, sikumjibu. Lakini na leo, nikiwa nimeona misiba mingi, nasema alikuwa ameona mbali kuliko sisi sote tuliokuwa tunashangilia urahisi.

Aliyelifungua fundo ni katibu. Alisogea, akasikiliza, akauliza swali moja: "Pesa hii ikiliwa kwenye matanga haya, halafu Mwanza kukafiwa, tutapeleka au hatupeleki?" Baba Mkubwa akasema tutapeleka. "Basi ni deni, na deni huandikwa." Kisha, kwa heshima ya hoja ya Baba Mkubwa, akaongeza sharti. Atakayetuma kwa simu lazima azungumze. Apige, atoe pole mbele ya watu kwa mdomo wake, wafiwa waitikie, ndipo jina lake lisomwe. Baba Mkubwa akakubali hapo hapo.

Sasa ikawa kazi, kwa sababu mtandao pale kwetu ulikuwa unashika mahali pamoja tu, upande wa juu wa nyumba, jirani na uani, penye mkarafuu mkubwa. Chini ya mwembe hapakuwa na hata kipande. Baada ya adhuhuri nikaona vijana wanakunja majamvi. Baraza la wanaume, lililokuwa likikaa chini ya mwembe ule katika kila msiba na kila harusi ya nyumba ile, lilihamishiwa kwenye mkarafuu ili waweze kusikia pole za watu wa mbali. Wazee walinyanyuka na fimbo zao, wakahama bila kinyongo.

Habari ilipoenea kwamba kutuma kunaruhusiwa, simu yangu haikupumzika. Dar es Salaam, Arusha, Kahama, Songea. Na matatizo yakaja nazo. Kila ujumbe ulionyesha salio langu zima, na mle ndani zilikuwemo na hela zangu mwenyewe. Katibu akasema hesabu ya msiba haichanganywi na ya mtu. Ikabidi inunuliwe laini nyingine, na usajili wa laini ulikuwa umeshaanza tangu 2009, kwa hiyo kinatakiwa kitambulisho. Walitaka isajiliwe kwa jina la Baba Mkubwa, lakini kitambulisho chake cha kupigia kura kilikuwa Korogwe. Changu kilikuwa kwenye pochi. Nikapanda bodaboda mpaka Muheza, na laini ya msiba wa mzee wa ukoo ikasajiliwa kwa jina la mjukuu wa kike asiye na mume. Baadhi ya watu, baada ya kutuma na kuona jina limerudi, walipiga kwa Baba Mkubwa kuuliza: huyu ni nani tuliyempelekea pesa? Akawa anawajibu, "Ni mtunza hazina wetu." Alianza kulisema kwa kulazimika, ilipofika jioni alikuwa analisema bila kusita.

Kwa wakala wa Muheza ndipo machungwa yalipotuokoa. Yeyote aliyewahi kukaa dirishani anajua kwamba simu haitoi noti. Noti anazo wakala, na anazo ikiwa watu wameweka. Miezi mingine mji mdogo kama ule, kila mtu anatoa na hakuna anayeweka, unaambiwa "hela hakuna, njoo kesho", na msibani hakuna kesho. Julai ile madalali wa machungwa walikuwa wamepanga foleni kuweka mauzo yao, hawataki kulala na mabunda ya noti. Alichoweka dalali mmoja mbele yangu ndicho nilichohesabiwa mimi. Sukari, mchele na mafuta ya matanga ya babu vilinunuliwa kwa noti zilizokuwa zimetoka kulipia machungwa saa ile ile. Niliwaambia wakulima waliokuwepo jioni, na waliifurahia sana habari hiyo.

Tulimzika alasiri. Usiku baada ya isha ikafika saa ya kusoma.

Katibu alisoma daftari la waliofika kwa utaratibu wake wa siku zote. Kisha akaniita. Maandishi ya simu yalikuwa madogo, macho yake hayakuyaweza kwa taa ya chemli, na vijana waliokuwepo hawakujua jumbe ziko wapi. Niliketi pembeni ya jamvi, nimejifunika vizuri, na nikasoma. Sijawahi kusikia sauti ya mwanamke ikisoma ubani katika baraza la wanaume pale kwetu kabla ya usiku ule, na najua wapo ambao halikuwapendeza. Kila nikisoma, anayehusika alikuwa ameshapiga na kutoa pole yake kwa spika, wazee wakaitikia.

Ikazuka hoja ya tarakimu. Nilisoma "elfu kumi na mia tano" mara moja, mbili, watu wakaanza kunong'ona, kiasi gani hicho cha ubani? Nikaeleza ile ni ya kutolea. Katibu akaamua hapo hapo: mia tano ni nauli ya pesa, haisomwi, lakini tutakaporudisha ubani nasi tutalipa nauli. Likapita. Ikazuka pia ya majina. Kulikuwa na elfu ishirini kutoka kwa jina ambalo hakuna aliyelijua, na tukagundua ndugu yetu wa Kahama alipeleka noti kwa wakala, na wakala akatuma kwa laini yake mwenyewe. Katibu aliandika la ndugu, na la wakala akaliweka kwa herufi ndogo chini yake.

Halafu nikafika kwa Shangazi. Ningependa nieleze vizuri kilichotokea. Katika daftari, mwanamke aliyeolewa alikuwa haandikwi kwa jina lake. Alichotoa kiliingia kama "nyumba ya mkwe wetu fulani". Katibu alikuwa ameshaandika hivyo, "mkwe wa Mwanza, elfu hamsini". Lakini mimi nilikuwa nasoma simu, na simu ilibeba jina la kitambulisho, herufi kubwa, jina lake yeye na jina la baba yake. Nililisoma kama lilivyoandikwa. Nikatamka jina la babu, usiku wa siku tuliyomzika, kama jina la mtu anayetoa. Sauti ilinikatika. Baba Mkubwa akainamisha kichwa na kusema, "Msome tena." Nikasoma tena. Katibu akafuta mkwe wa Mwanza, akaandika binti wa marehemu.

Baada ya hapo aliniomba nirudi juu ya orodha yote ya simu, akarekebisha kila mwanamke kwa jina lake. Waliofika wenyewe hawakurekebishwa. Wake waliopika tangu asubuhi walibaki ndani ya majina ya waume zao. Hilo lilinikera na sijaacha kulisema kila tunapokutana. Dada zangu wengine sasa, hata wakiwa uani wamekaa hatua chache kutoka kwa katibu, hutuma ubani wao kwa simu ili wasomwe. Wanalipa gharama ya kutuma kwa sababu ya jina, na mimi siwalaumu.

Siku ya hitma nilitoa hesabu, katibu akaweka sahihi, laini nikaachiwa. Ninayo mpaka leo. Mwaka 2020, usajili wa alama za vidole ulipokuwa lazima, niliisajili upya kwa kitambulisho cha NIDA, na imeshapokea ubani wa bibi, wa katibu mwenyewe, na wa Baba Mkubwa, ambaye jeneza lake lilikosa vijana wa kutosha mpaka tukawaomba wa kijiji cha jirani. Michango ya siku hiyo ilikuwa mikubwa kuliko yote niliyowahi kupokea.

Sharti la kuzungumza bado lipo. Mwaka jana binamu yangu anayesimamia kundi la familia la WhatsApp alipendekeza liondolewe: mtu akituma aweke tu picha ya mikono iliyoshikana, jina litiwe alama ya vema, basi. Anasema watu wana kazi, na simu zikipokelewa moja moja msiba unachelewa. Nilikataa, na kwa kuwa laini iko kwa jina langu, limebaki. Atakayetuma bila kupiga, pesa yake inaandikwa na deni lake tutalilipa, lakini jina halisomwi mpaka wafiwa wamemsikia.